Nilitafuta hoteli ya kale Ulyankulu, nikaondoka na deni

MSOMAJI wangu, kabla hujanicheka naomba unisikilize kwanza. Mimi ni kijana wa mjini. Nimezoea kula kwa mama ntilie wa Kariakoo na kulipa papo hapo, hata kama hela yenyewe nimeikopa kwa mshikaji. Maishani mwangu sijawahi kuandikwa deni la ugali. Lakini mwezi uliopita kulikuwa na nguzo moja ya mti huko Ulyankulu, mkoa wa Tabora, imeandikwa kwa mkaa: MZARAMO 7,000.

Mzaramo mwenyewe ndiye mimi.

Mambo yalianzia kijiweni. Mshikaji mmoja, yule anayejua kila kitu, alikuwa anatusimulia kwamba kule Madrid, Hispania, kuna hoteli ya chakula inaitwa Botín. Ilifunguliwa mwaka 1725 na mpaka leo inapika. Halafu akaongeza kwa dharau kwamba huku kwetu mgahawa ukifikisha miaka mitano mwenyewe anachinja mbuzi.

Watu wakacheka mbavu hazina nafasi. Mimi nikaudhika.

Nikamwambia: "Wewe, watu walikuwa wanatoka Bagamoyo kwa miguu mpaka Tabora, mpaka Ujiji, mizigo kichwani, misafara kwa misafara. Unadhani walikuwa wanakula upepo? Lazima palikuwa na mahali pa kula."

Akanijibu: "Nenda ukapatafute. Ukipata hoteli ya kizamani kuliko Mjerumani, pilau la mwezi mzima juu yangu."

Basi bwana, hiyo ndiyo sababu ya safari. Wengine husafiri kwa biashara, wengine kwa msiba. Mimi nilisafiri kwa ubishi.

KABLA YA MJERUMANI

Nilipanda basi Dar alfajiri, usiku nikawa Tabora, kiuno kimekufa ganzi. Lilichelewa saa mbili na nilinung'unika njia nzima. Baadaye nikajionea aibu. Waingereza Richard Burton na John Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kaze, ndiyo Tabora hiyo, Novemba 7. Siku 134! Na hao ndio waliokuwa wanabebewa mizigo. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa na kama kilo 30 za mzigo mwilini, na posho yake ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Jioni walijigawa kwa kambi, kila kambi chungu chake, wakasonga ugali, wakalala.

Asubuhi nikaanza kuulizia hoteli ya zamani. Watu wa Tabora ni waungwana, hawakukasirika. Wa kwanza akanipeleka kwenye ile hoteli karibu na stesheni, wanayosema ni ya tangu enzi za Mjerumani. Nzuri, ina bustani na kivuli. Lakini masharti ya mshikaji yalikuwa kabla ya Mjerumani.

Wa pili akanipeleka Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Lililopo sasa limejengwa upya kwa mfano wa lile la kale. Nililizunguka huku tumbo linanguruma. Ni makumbusho, unaangalia, huli.

Nikarudi sokoni nimekata tamaa. Pale kuna mzee anauza asali kwenye madumu ya njano. Nikamsalimu, "Shikamoo mzee." Akaitika, akaniuliza kabila langu. Nilipotamka tu Mzaramo, akanyakua kipande cha mhogo kilichokuwa mkononi mwangu akatia mdomoni.

"Mtani!" akasema huku anatafuna. "Babu yako alikula vya babu yangu. Nimekuja kudai."

Kwa wasiojua, Wanyamwezi na sisi watu wa pwani ni watani tangu enzi za misafara. Walipokuwa wanashuka na pembe za ndovu walipita kwetu. Kupita kwenyewe kulikuwa kwa ugomvi, kwa biashara, kwa kuuguzana na kuzikana. Ugomvi ukaisha, utani ukabaki. Mtani akikuchukulia chakula huruhusiwi kununa.

Nikamweleza shida yangu. Akacheka mpaka machozi.

"Ya kabla ya Mjerumani haikuwa na bei ukutani," akasema. "Iliitwa iwanza. Huipati tena. Ila kama unataka kuona kivuli chake, nenda Ulyankulu, kuna mgahawa wa mama wawili. Usiulize jina, hauna."

IWANZA NI NINI?

Hapa naomba tuelewane, maana ndiyo kiini cha mambo. Burton aliandika habari za iwanza kwenye kitabu chake cha mwaka 1860. Kijiji cha Wanyamwezi kwa kawaida kilikuwa na nyumba mbili za jumuiya, moja ya wanaume na moja ya wanawake, kila moja upande wake. Ya wanawake mgeni alikuwa hatii mguu. Ya wanaume ndiyo iliyokuwa kijiwe chao. Humo walikula, walivuta, walipiga soga mchana kutwa, na wengi walilala humo humo. Mwanaume alikuwa hali na mkewe. Hata kijana mdogo aliona aibu kukutwa anakula na mama yake.

Msafiri akifika kijijini, iwanza ndiyo ilikuwa baraza yake. Haikuwa na mhasibu wala risiti.

Baadaye reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mzigo ukapanda behewani, mpagazi akabaki hana kazi. Na mgeni aliyekuwa akiingia kijijini jioni na kiu yake akawa anapita dirishani, anapunga mkono, hashuki.

Nikajisemea moyoni, kama ni kivuli tu, acha nikakione.

NYASI ZA ULYANKULU

Ulyankulu iko wilaya ya Kaliua, kaskazini magharibi mwa Tabora. Nilipanda kibasi kilichojaa watu, kuku na magunia, na mimi nimekaa juu ya dumu. Ilikuwa Desemba. Njiani ni miombo pande zote, mizinga ya nyuki imening'inia juu ya miti, mashamba ya tumbaku hapa na pale, na nyasi ndefu kupita kichwa cha mtu.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, akaninong'oneza: "Nyasi hizi zina historia, kijana."

Ni kweli zina historia. Pande hizi zilikuwa za Mtemi Mirambo, na boma lake la Iselamagazi lilikuwa huku huku Ulyankulu. Mwaka 1871 aligombana na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya msafara. Agosti mwaka huo Waarabu wakaja kumpiga, na Stanley akiwa upande wao. Kijana wao mmoja, Soud bin Said, akaja na watu kama mia tano mpaka Ulyankulu, ambayo Stanley kaiandika "Wilyankuru". Akaiteka, akabeba pembe na watu, akaanza kurudi anafurahi. Mirambo alikuwa amejificha kwenye nyasi. Soud hakufika nyumbani.

Wiki chache tu baadaye, Agosti 22, Mirambo akaivamia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu ya mji. Lakini Aprili 1876 alipokutana na yule yule Stanley, akija kwa heshima, walichanjiana damu wakawa ndugu.

"Umeelewa?" mwalimu akaniuliza. "Huku ukija kuomba unapewa. Ukija kuchukua, tunakusubiri kwenye nyasi."

Nilicheka. Sikujua kwamba maneno hayo yananihusu.

MGAHAWA USIO NA JINA

Nilishuka na shilingi 15,000 mfukoni. Nyingine zilikuwa kwenye simu. Gesti ikachukua 10,000. Jioni ikashuka mvua ambayo Dar hatuijui, mvua ya kumwaga kwa ndoo. Umeme ukakatika, mtandao ukalala, na asubuhi wakaniambia maji yamekata barabara, kibasi hakirudi leo. Wakala wa kutoa pesa alikuwepo, kakaa kibandani kwake kama mfiwa, hana mtandao, hana floti.

Mgahawa wa mama wawili nilikuwa nimeshaupata jana yake. Ni banda la nyasi, nguzo sita, mabenchi mawili yanayotazamana na meza ndefu katikati. Kwa nje, upande wa nyuma, kuna jiko la mafiga. Ndani walikaa wanaume watupu, wanakula na kubishana habari za bei ya tumbaku. Wanawake walikuwa nyuma, na huko nilipojaribu kuchungulia nilifukuzwa na mwiko.

Mama wa kwanza ni bibi wa Kinyamwezi, mfupi, mdomo kama cherehani. Tangu siku ya kwanza aliniita mume wangu. Yeye anapika nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga za kutwanga. Msimu ule palikuwa na uyoga wa porini pia, anaupika taratibu hadi unateleza. Pembeni ana kapu la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa vikawa vigumu kama kokoto. Unatia mfukoni, unatafuna njiani siku nzima. Chakula cha msafiri kabisa hicho.

Mama wa pili ni wa umri wa mama yangu. Yeye anapika isombe, ndiyo kisamvu kwa Kirundi, kwa mawese mekundu, na maharage, na migebuka mikavu kutoka Kigoma. Asubuhi huwasalimu watu "Mwaramutse," bibi anaitikia "Mwangaluka," na wanaendelea kupepeta unga kama hakuna kilichotokea.

Meza ni moja na ugali ni mmoja. Unachagua mboga ya bibi au ya mama, au zote mbili. Jioni ile ya kwanza nilichukua zote pamoja na mgebuka, nikalipa 3,500. Nikiwa nataka kuuma samaki, mzee aliyekaa kando yangu akauliza, "Wewe ndiye Mzaramo?" Kichwa cha mgebuka kikaondoka. Banda zima likalipuka kwa vicheko. Mama akaja kimya kimya akaniongezea kipande kingine, bila kusema neno.

Nakwambia, isombe ile na ile nsansa kwenye sahani moja! Moja ina mafuta, nyingine ina ukavu wa jua na utamu wa karanga. Nilifuta sahani kwa tonge la mwisho mpaka maua ya sahani yakaonekana.

SIKU YA TATU MPE JEMBE

Siku ya pili nikala mchana kwa deni, na usiku kwa deni. Sikuwa na hela ya gesti tena. Mzee yule aliyekula samaki wangu akanionyesha benchi: "Lala hapa. Sisi vijana wa zamani tulilala hivi hivi." Nikalala humo bandani pamoja na vijana wawili wa kibasi waliokwama. Tulipiga soga mpaka moto ukazimika.

Usiku ule ndipo shetani aliponijia. Nilisikia kwamba alfajiri kuna lori la tumbaku litajaribu kuvuka. Nikawaza: deni ni 5,000. Hawanijui jina, wananiita Mzaramo tu. Wazaramo tuko wengi.

Msomaji, nasema kweli, nilibeba mkoba wangu kukiwa bado giza. Nikanyata. Kufika nyuma ya banda, mama alikuwa ameshawasha moto. Akaniangalia, akauangalia mkoba, akachota uji kwenye kikombe cha bati.

"Kunywa kwanza, mwanangu," akasema. "Njaa ya njiani haina ndugu."

Sikuulizwa neno la deni. Lori likapiga honi barabarani. Mimi nikazitazama zile nyasi ndefu zilizoloa, nikamkumbuka Soud bin Said na mali ya watu mkononi. Mwili ukanisisimka. Nikaweka mkoba chini, lori likaondoka.

Tukakaa. Nikamuuliza yeye alifikaje Ulyankulu. Akaniambia hakufika, alizaliwa hapa. Waliofika ni wazazi wake, mwaka 1972, wakikimbia mauaji ya Burundi. Serikali iliwapa eneo, vijiji vikapangwa kwa barabara zenye namba. Wewe uliyekulia na redio unaikumbuka Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu. Mimi miaka yote nilidhani ni jina la wimbo, kumbe barabara yenyewe ipo na watu wanaishi.

"Si mnasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe?" akaniuliza. "Baba yangu alipewa jembe siku ya kwanza. Akalima, akalisha na wengine. Lakini aliitwa mkimbizi mpaka anazikwa. Na mimi niliyezaliwa hapa niliitwa mkimbizi mpaka nikapata wajukuu."

Baadaye Serikali iliwapa watu wa 1972 nafasi ya kuchagua kurudi Burundi au kuomba uraia. Mwaka 2014 wakaanza kupewa vyeti, watu wapatao 162,000 kutoka makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Chake amekifunga kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko wa unga, juu kabisa ambapo panya hafiki.

"Siku niliyokipata nilikuja hapa nikapika bure," akasema. "Bibi huyu akanigombeza. Akasema, kwangu ulishakuwa wa hapa tangu ulipokula nsansa yangu, karatasi ya nini? Nikamwambia, bibi, wewe hujawahi kuulizwa karatasi."

Nilikosa la kusema. Mimi nilitaka kukimbia deni la ugali la siku moja. Mwenzangu kakaa miaka arobaini kwenye nyumba aliyozaliwa, watu wanamsubiri aondoke.

Bibi akatokea na kinu. "Mume wangu, leo siku ya tatu," akasema, akanikabidhi mchi.

Nilitwanga karanga kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi. Wanawake wa huko nyuma, nilikokatazwa kuchungulia, walinipigia vigelegele vya kejeli. Mikono ilitoka malengelenge mawili, mpaka leo nina alama. Mchana nikala ugali na uyoga wa 2,000, nikauliza kwa unyonge kama kazi ya mchi imepunguza deni.

"Mchi ni mchi, deni ni deni," bibi akajibu. Ndipo akachukua mkaa akaandika kwenye nguzo: MZARAMO 7,000. Nilipoangalia vizuri, nguzo ile ilijaa majina. Dereva wa fuso. Mwalimu mpya. Kijana wa tochi. Mwaka 2021 fundi kisima. Mengine yamefutwa, mengine yamebaki.

MAHESABU

Jioni maji yakapungua, kibasi kikaondoka. Konda alikubali nauli nitamlipa tukifika Tabora, mzee mla samaki akiwa mdhamini. Bibi alinijazia matobolwa mfukoni. Nilipopata mtandao Tabora, kitu cha kwanza nilituma pesa kwa mama, 10,000, nikajiona muungwana.

Dakika tano hazikupita, simu ikalia.

"Mwanangu, umezidisha 3,000."

"Hiyo ya soda, mama. Yako na bibi."

Akakaa kimya kidogo. Nikasikia bibi kwa nyuma anafoka. Mama akarudi: "Bibi anasema hapana. Amefuta jina lako, ameandika jingine hapo hapo: MAMA ANADAIWA 3,000 NA MZARAMO. Anasema uje ule deni lako, na usichelewe, maana uyoga unakwisha."

Nimerudi Dar. Mshikaji wa kijiweni amekataa kunilipa pilau langu. Anasema hoteli isiyo na bango wala mwaka wa kufunguliwa haihesabiki, na banda lenyewe kwa kulitazama halina hata miaka kumi. Hilo la banda ni kweli, nyasi zake ni za juzi juzi. Nimemuuliza kitu kimoja tu: kule Botín, nikienda sina hela, mvua inanyesha, watanilaza kwenye benchi na kunipa uji asubuhi? Akasema watu wa huko watamwita polisi.

Basi akae na pilau lake. Mimi nina ugali wa 3,000 unanisubiri Ulyankulu, na mkono wangu wa kulia tayari umezoea mchi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.